MOTO JUU, MOTO CHINI: USIKU WA MKATE WA KUMIMINA UNGUJA

Leo tuachane kidogo na mambo ya disko na nyama choma, tuvuke maji. Wapo vijana kibao hapa Dar ambao wakikwambia wamekwenda Zanzibar, maana yake wamekwenda Nungwi kuogelea, wakala "pizza ya Zanzibar" pale Forodhani, wakapiga picha mbele ya mlango wenye misumari ya shaba, wakarudi zao. Ukiwauliza Unguja inanukia nini, watakujibu karafuu, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa darasani.

Mimi nakwambia hivi: nenda siku moja mbili kabla ya Idd, pita uchochoro wowote wa Ng'ambo baada ya tarawehe, halafu vuta pumzi. Utanusa iliki, tui la nazi na makaa. Hiyo ni harufu ya mikate ya sikukuu, na mikate yenyewe haipikwi hotelini wala haimngoji mtalii. Inapikwa uani, na akina mama, kwa ajili ya watu wa mtaa. Swali ambalo lilinivusha bahari ni dogo tu: hao akina mama wakichoka, atapika nani?

DARAJANI KUMEFURIKA

Nilivuka mwezi Aprili 2024, Ramadhani ikiwa ukingoni na masika yamekolea. Boti iliyotuchukua ilikwenda kama saa mbili, na usiombe! Abiria walikuwa wengi, mizigo mingi zaidi. Kila mtu ana mfuko wa nguo za watoto, boksi la viatu, ndoo iliyofungwa kwa kanga. Aliyekaa karibu nami alikuwa kapakata redio kubwa kama mtoto mchanga. Bahari ilikuwa na mawimbi ya masika, hivyo mazungumzo yaliisha mapema na wengi wakafumba macho mpaka Malindi.

Kutoka bandarini nilikwenda moja kwa moja sokoni Darajani. Soko lile lilijengwa mwaka 1904, na jina lake ni la daraja la kweli. Zamani palikuwa na mkono wa bahari ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Mkono ule ulifukiwa, leo ni barabara ya magari, lakini jina limebaki. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ng'ambo haimo kwenye orodha hiyo. Nami nasema kwa mambo ya mkate, ukitaka urithi vuka barabara, uende upande wa pili.

Rafiki yangu wa Unguja, ambaye ndiye aliyenialika kwa shangazi yake, alinipa orodha ya kununua: nazi kumi, iliki, hamira na mchele mkavu usionata. "Usinunue ule mchele wa kunukia," aliniambia, "utaliwa na biriani huo. Mkate una harufu yake mwenyewe." Iliki ilinichekesha kidogo. Watu wanadhani kila kiungo pale kimechumwa Unguja, kumbe iliki nyingi ya Tanzania inalimwa kwenye milima, kama Usambara kule Tanga. Inavuka bahari kama nilivyovuka mimi, halafu inarudi Dar kwenye pakiti imeandikwa "viungo vya Zanzibar". Biashara, bwana!

Wachuuzi wa Darajani siku hizo hawalali. Huyu anauza kanzu, yule kofia, wa tatu vipodozi, wa nne balungi. Hakuna anayetafuna kitu njiani, mwezi mtukufu huo. Lakini ikikaribia magharibi, meza za futari zinajitokeza, na hapo ndipo unapoanza kuiona ile jamaa nzima ya mikate.

UKOO WA MIKATE

Mtu wa bara ukimwambia mkate, akilini inamjia slesi. Pwani mkate ni ukoo mzima, na kila mmoja una tabia yake.

Kuna mkate wa ufuta, ambao ni bapa. Unga wake hutiwa hamira na tui, ukapakazwa kwenye chuma chenye moto. Ukishashika chini, mpishi hugeuza chuma kizima, uso wa mkate ukaangalia makaa, na hauanguki! Halafu hupakwa samli na kunyunyizwa ufuta. Huo si mtamu, ni wa kuchovya kwenye mchuzi. Kuna mkate wa mofa, wa nafaka kama mtama, unaookwa kwenye tanuri la udongo. Kuna mkate wa mayai, wenyewe ni mayai, sukari na unga, hupigwa mpaka uwe povu, na huo bila chai haufai. Kuna vileja, vidogo vya unga wa mchele na samli, vinavyovunjikia mdomoni.

Halafu kuna bibi harusi wao, mkate wa kumimina. Mombasa wanauita pia mkate wa sinia. Huu hauna ngano hata chembe. Ni mchele uliolowekwa, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, ndipo ukamiminwa kwenye sufuria. Jina lake limetoka hapo hapo. Ukiiva, unakuwa wa duara, mweupe ndani wenye matundu kama sega la nyuki, na kahawia juu na chini. Mtamu, mlaini, na ukiukata unatoa jasho la tui.

Watu wa pwani hawauachi popote wanapohamia vyakula vyao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na tena Sultan Qaboos aliposhika utawala Oman mwaka 1970 na kuwaita waliokuwa nje, familia nyingi zenye asili ya Unguja zilikwenda kuishi Maskati. Leo ukienda kule ukitaja mandazi, watu wanajua unasema nini, kwa jina hilo hilo.

UANI MWEMBETANGA

Shangazi tuliyemwendea anakaa Mwembetanga. Nyumba yake ni ya kawaida ya Ng'ambo: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Tulipiga hodi, tukaitikiwa kutoka mbali kabisa.

"Shikamoo shangazi," nilimsalimia.

"Marahaba mwanangu. Bara hawajambo? Vua viatu, pita ndani, mvua hii haina adabu."

Ni mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Amekuwa akipika mikate ya kuagizwa tangu mumewe alipofariki, na ndiyo iliyomsomeshea watoto watatu. Mwaka mzima anapika miwili mitatu kwa siku. Sikukuu ndiyo mavuno. Usiku ule alikuwa na oda ya mikate kumi na minane, na kumi kati yake ilikuwa imeshalipiwa. Fedha zile zilikuwa na kazi yake: kununua mabati ya kuezekea sehemu ya ua, ili masika mengine yamkute akipika pakavu.

Pembeni yake alikuwepo binti yake wa mwisho, ana miaka ishirini na nne, anauza simu kwenye duka moja mjini. Huyu ndiye aliyenifanya niandike makala haya. Alikuwa na daftari la shule na kalamu. Kila mama yake alipotia kitu, yeye anakikamata kwanza, anakipima kwa kikombe, anaandika, ndipo anamrudishia.

"Mwanangu, utanichelewesha," shangazi alisema.

"Mama, wewe unasema 'tia tui mpaka liwe sawa'. Sawa ya nani? Mimi sina mkono wako."

Shangazi akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi kirefu, cha kushika ukuta. Binti akaacha kalamu akamwangalia bila kusema neno. Baadaye alinieleza kwa sauti ya chini kwamba daktari alimwambia mama yake aachane na moshi wa makaa, kifua kimechoka. Yeye binti akacheza upatu na wenzake wa dukani, zamu yake ilipofika akanunua oveni ndogo ya gesi. Ilikuwa na miezi minne jikoni, imefunikwa kitambaa cha maua, na juu yake pamewekwa birika. Shangazi hakuwahi kuiwasha.

"Kifua changu na moto wangu tumezoeana," ndilo lililokuwa jibu lake kila siku.

SIRI YA MCHELE

Kazi ilikuwa imeanza usiku wa jana yake. Mchele unalowekwa usiku kucha mpaka punje ikibanwa na kucha inavunjika. Zamani ulisagwa kwa jiwe. Siku hizi ni blenda, na blenda inataka umeme. Hapo shangazi akanikumbusha habari ambayo Waunguja hawaisahau. Mwaka 2008 umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu! Waya mpya mkubwa zaidi ulikuja kuwekwa mwaka 2013.

"Wenye maoveni yao ya umeme walikuja hapa kuniomba niwapikie," alisema, na uso ukang'aa. "Mie nlirudi kwenye jiwe la bibi yangu. Makaa hayakatiki."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mkate unapofaulu au kufeli. Ngano ina unato unaoshika hewa ya hamira, ndiyo maana donge lake linavutika. Mchele hauna unato huo. Povu lake linashikiliwa na uji wa mchele uliosagwa laini kabisa, na ute wa yai ambao wengine huongeza. Kwa hiyo ukiukoroga baada ya kuumuka, umelipasua povu lote, na utapata kitu kama ugali wenye sukari. Ukiacha chengachenga za mchele, mkate unakaa chini. Ukiuchelewesha ukapitiliza, unachachuka na kuzama katikati.

Moto nao una siri yake. Sufuria hukaa juu ya seredani yenye makaa machache. Juu yake hufunikwa kwa bati, na juu ya bati hupaliwa makaa mengi zaidi kuliko ya chini, pamoja na vipande vya makumbi ya nazi. Moto mwingi chini unaunguza kitako kabla katikati hakujaiva. Moto mdogo juu unauacha mkate umepauka kama mgonjwa. Shangazi hana saa wala kipimo cha joto. Anapitisha kiganja juu ya makaa, anahesabu kimoyomoyo, anatoa kaa moja au anaongeza mbili. Basi.

MWEZI NA MVUA

Ugumu wa mikate ya Idd ni kwamba siku yenyewe haijulikani mpaka mwezi uandame. Uji ukishatiwa hamira haungoji tangazo la mtu. Ukiumua wote na mwezi usionekane, umepata hasara. Usipoumua na mwezi ukaandama, asubuhi wateja wako wanakuja na sahani tupu.

Shangazi alikuwa na akili yake. Aligawa uji mafungu mawili. Fungu la kwanza alilitia hamira mapema, kwa sababu hata Idd isipokuwa kesho, mikate hiyo ingeuzika kwa futari. La pili alilipeleka kwenye friji la jirani bila hamira, likasubiri habari.

Tulifuturu kwa tende na uji wa pilipili manga, mvua ikinyesha juu ya mabati kama mtu anamwaga kokoto. Redio ilikuwa imewekwa dirishani. Watoto wa mtaa walikuwa vibarazani wanalumbana kama kuna mtu atauona mwezi kwa mawingu yale. Mpaka habari ilipofika kwamba umeandama, mtaa mzima ulipiga kelele kwa pamoja, na wanaume wakaanza kutoka nje kama vile nyumba zimetapika watu. Kesho sikukuu!

Ndani mwetu hakuna aliyeshangilia. Shangazi alisimama, akafunga kanga vizuri, akasema, "Leteni lile fungu."

Hesabu ilikuwa hivi: seredani nne, kila mkate nusu saa na ushei. Mikate kumi na minane ingekwisha kabla ya usiku wa manane. Lakini turubali lililotandwa uani lilikuwa limejaa maji katikati, na mara likaachia upande mmoja. Seredani mbili zilizimika palepale, makaa yakalia chiii! Bahati nzuri sufuria zilikuwa bado hazijapandishwa. Zikabaki seredani mbili, chini ya kibanda kidogo cha kuku. Kwa mbili, mikate ingekwisha alfajiri, na uji ulioumuka usingesubiri hata nusu ya muda huo. Moshi ukakosa pa kutokea, ukajaa kibandani. Shangazi akaanza kukohoa tena.

Binti hakubishana. Aliingia jikoni, akatoa birika, akakunja kitambaa cha maua, akawasha oveni. Aliporudi alichukua sufuria mbili zilizojaa uji, akasimama nazo mbele ya mama yake.

"Mama, mkate unachachuka."

Shangazi alimtazama, akautazama uji, akatazama mvua. "Sita," alisema. "Hiyo sita peke yake. Na asubuhi kila mwenye kuchukua umwambie huu umepikwa wapi. Sitaki uwongo siku ya Idd."

GESI NAYO YASALIMU AMRI

Sasa oveni ile ina moto wa chini, na juu ina moto mdogo wa kubabua. Mikate miwili ya kwanza ilipanda vizuri, lakini uso ulikuwa mweupe pe! Shangazi akachungulia kutoka mlangoni, akaguna tu. Binti akafungua daftari lake. Alikuwa ameandika mstari mmoja mkubwa na kuupigia chini: JUU KUZIDI CHINI. Akazima moto wa chini, akawasha wa juu, akahesabu dakika tano. Mkate ukaiva uso, kahawia safi kama wa makaa. Raundi zilizofuata hakungoja tena kuona. Kila mkate ulioshika katikati aliupa moto wa juu papo hapo.

Saa tisa ya usiku mkate wa kumi na nane ulitoka, wakati watu wengine wamelala au wanapiga pasi kanzu. Mama alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta wa ukumbini, mbali na moshi. Binti akamkatia kipande cha mkate wa oveni. Alikula taratibu, macho yameangalia dari, kama hakimu anayetaka kusoma hukumu.

"Umeumuka," alisema. "Utamu upo. Harufu ya makaa haumo." Akala kipande cha pili. "Andika na hili kwenye daftari lako: ukiutoa, usiufunike moto moto. Utatoka jasho utarojeka. Ungoje upoe."

Binti aliandika. Nakwambia, yule mtoto aliandika huku mkono unamtetemeka, na hakuinua uso mpaka alipomaliza.

ASUBUHI YA SAHANI

Idd ya Unguja ni siku nne, mosi mpaka nne, na kila siku ina nguo yake kwa mwenye uwezo. Watu walirudi kutoka kuswali, na sahani zikaanza kutembea. Hii ni desturi ya kuiona kwa macho. Mtoto anabeba sahani iliyofunikwa kwa kawa ya ukili, anabisha hodi, anasema "mama kasema Idd mubarak". Sahani ile hairudi tupu. Ikienda na mkate wa kumimina, inarudi na vileja au visheti, na mtoto anapata mkono wa Idd, fedha ambayo jioni ataimaliza Mnazi Mmoja kwenye bembea na aiskrimu.

Wenye oda walikuja mmoja mmoja. Binti alitimiza ahadi, kila mtu aliambiwa. Mzee mmoja mwenye bakora alisema yeye kwa umri wake hana muda wa kujaribu mambo mapya, apewe wa makaa. Akapewa. Mama mmoja alikata kipande kidogo kwanza, akatafuna, akachukua wa oveni bila maelezo. Kijana mmoja aliyeoa karibuni alichukua wa oveni kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na mkono wake. Saa nne mkewe alipiga simu kuuliza kama upo mwingine. Mpaka adhuhuri hapakuwa na mkate hata mmoja, isipokuwa kipande kilichobaki kwenye sinia, ambacho tulikinywea chai.

Sitakudanganya kwamba shangazi amehama makaa. Hajahama. Mwezi ule wa Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hilo ni jambo la heri, maana misitu inakwisha na vifua vya mama zetu vinakwisha nayo. Lakini mkakati hauna ukurasa wa namna ya kupalia moto juu ya bati. Kazi hiyo ni ya mabinti wenye madaftari. Mara ya mwisho nilipoongea na binti kwa simu, aliniambia wamegawana: oda za siku za kawaida anapika yeye kwa gesi akirudi kazini, na za sikukuu mama anawasha seredani mbili, si nne tena. Mabati wameshanunua.

JARIBU MWENYEWE

Najua utasema haya ni ya Unguja, wewe unakaa chumba kimoja Sinza na jiko la plate mbili. Wacha visingizio! Vipimo ni hivi, kutoka kwenye daftari lenyewe, kwa mkate mmoja.

Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, asubuhi uchuje maji. Kuna nazi, ukame tui zito, upate kikombe 1 na robo. Saga mchele na tui mpaka uwe laini. Chovya kidole, sugua, usisikie chenga. Tia hamira kijiko 1 na nusu cha chai, iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, na ute wa yai 1. Mwisho tia sukari robo tatu ya kikombe, koroga, funika. Mahali pa joto unaumuka kwa dakika 45 hadi saa nzima. Ukiona umejaa povu juu, usiguse tena.

Pasha sufuria iliyopakwa mafuta kidogo, mimina uji taratibu, usijaze zaidi ya nusu na kidogo. Mwenye makaa aweke machache chini na mengi juu. Mwenye oveni aiweke nyuzi 180 kwa dakika 30 hadi 40, halafu aupe uso moto wa juu, akisimama hapo hapo asiende kupiga soga, maana dakika moja ya ziada ni mkaa. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva. Na kama shangazi alivyoagiza, ungoje upoe kabla ya kufunika.

Lakini kabla hujaloweka mchele, fanya jambo moja. Kila nyumba ina mkate wake. Kama si wa kumimina, ni maandazi ya Krismasi ya bibi yako Muheza, au vitumbua vya mama mdogo Bagamoyo ambavyo hakuna aliyewahi kuvipima. Nunua daftari la bei rahisi, nenda ukakae karibu yake siku anapopika, na kila anaposema "tia mpaka liwe sawa", mshike mkono upime. Atakuona msumbufu. Mvumilie, endelea kuandika.